Siku ya Kuweka Mabegi Mbele

Aliniuma kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ule ninaoshikia chaki, na hakuachia mpaka mwalimu wa darasa la jirani alipokuja kumbana mashavu. Alikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa na arobaini na saba, na karibu nusu ya miaka hiyo nimeimaliza nikifundisha madarasa ya chini kwenye shule moja ya msingi pembeni mwa Kariakoo, mahali ambapo ukifungua dirisha unasikia spika za wauza nguo na ukilifunga unaiva kwa joto. Nilishatapikiwa darasani, nilishatukanwa na mzazi mbele ya watoto. Kuumwa na mwanafunzi ilikuwa mara ya kwanza.

Ilikuwa siku ya mtihani wa katikati ya muhula. Kwa asiyejua shule zetu, siku ya mtihani mabegi yote huwekwa mbele, chini ya ubao, yakarundikwa sakafuni ili mtoto asije akachungulia daftari. Ndivyo tulivyofanyiwa sisi, na ndivyo tunavyowafanyia wao. Darasa langu la pili lilikuwa na watoto tisini na kitu, kwa hiyo rundo lilikuwa kubwa, na humo ndani mengine hayakuwa mabegi, yalikuwa viroba vilivyoshonewa mikanda. Yule aliyeniuma alibaki na lake mapajani. Nilisema mara ya kwanza, nikasema mara ya pili. Mara ya tatu sikusema, nilinyoosha mkono nikavuta.

Nitaandika ukweli, maana bila huo sina sababu ya kuandika. Nilimchapa. Nilimchapa nikiwa nimepandwa na hasira, damu inanitoka mkononi, na hakulia. Alilikumbatia begi akajikunja chini ya dawati, akawa anatoa ukelele mmoja mrefu usio na neno ndani yake. Siku ile hakuna mtoto aliyeandika vizuri, na yeye hakuandika hata jina lake.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mtu wa sauti ya chini, lakini akishasema amesema.

"Huyu mtoto tumemvumilia vya kutosha," alisema. "Mtihani wa mwisho wa muhula akileta vurugu tena, namwita mama yake nampa barua ya uhamisho. Akatafute shule nyingine."

Nikajibu, "Sawa, mkuu." Moyoni nilisema afadhali, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko meno yake. Nilijua kabisa kwamba hiyo shule nyingine haipo. Mtoto kama yule akipewa barua, mama anaikunja anaiweka kwenye kanga, na mtoto anabaki sokoni siku nzima, menya hiki, shika kile, mpaka kila mtu asahau kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimewaona wengi wa namna hiyo. Wengine sasa ni watu wazima, wananisalimia shikamoo nikipita kununua mboga, na mimi naitikia marahaba huku nikiangalia pembeni.

Basi wiki ileile ikaja taarifa ya mafunzo. Walitakiwa walimu, wauguzi na maofisa wa ustawi wa jamii, siku tano, kwenye ukumbi mmoja Upanga, kujifunza namna ya kuwasaidia watoto wanaoishi kwenye umaskini kutawala hisia zao. Mkuu alinichagua mimi. Alisema ni kwa ajili ya uzoefu wangu. Nilijua ni kwa ajili ya bandeji.

Mkufunzi wetu alikuwa binti wa Kihindi, miaka thelathini hivi, mzaliwa wa palepale Upanga, Kiswahili chake cha mjini kabisa. Alinipokea mlangoni kwa "Shikamoo, mwalimu," akashusha macho kidogo kama inavyotakiwa. Niliitikia, lakini nilikwisha kumhukumu. Nilimtazama viatu, nikatazama ghorofa lililo nyuma yake, nikasema moyoni, huyu naye atatwambia nini sisi.

Siku ya kwanza alinipa raha, maana alikosea. Alitugawia picha za kutumia na watoto. Kwenye picha moja mtoto mwenye hasira alikuwa anaingia chumbani kwake, anafunga mlango, anakaa kitandani mpaka anatulia. Muuguzi mmoja wa Magomeni, mama mnene mwenye sauti ya kuita mgonjwa aliye nje ya geti, aliinua picha juu.

"Samahani, dada," alisema. "Hiki chumba anaishi peke yake?"

Ukumbi ulicheka. Mtoto wa Kariakoo na Jangwani akitaka chumba cha kununia, awatoe kwanza wazazi, shangazi na jiko. Nilicheka kuliko wote, na nikiri, nilicheka kwa ubaya. Lakini yule binti hakuvuta mdomo. Alizikusanya zile picha, zote, akaziweka chini ya meza, akauliza, "Haya, watoto wenu wakitaka kutulia wanaenda wapi?" Katika miaka yangu yote sikuwahi kujiuliza swali hilo.

Ikaja zamu ya kupumua. Alitaka tuwafundishe watoto kunusa ua halafu kuzima mshumaa, hewa iingie taratibu na itoke taratibu. Muuguzi wa Magomeni akasimama tena. Mshumaa, alisema, maana yake umeme umekatika na mtu atagombezwa kwa kuuzima. Maua wanayaona kwenye kanga tu. "Lakini uji wa moto kila mtoto anaujua. Unashika kikombe, unanusa, unapuliza polepole usije ukajimwagia." Akatuonyesha, mikono ameikusanya mbele ya mdomo. Mkufunzi alifuta maneno yake ubaoni akaandika PULIZA UJI, nasi watu wazima thelathini tukapuliza uji usiokuwepo. Nilijiona mjinga. Pia niligundua kwamba mabega yangu yalishuka, na sikujua kama yalikuwa yamepanda.

Siku ya tatu alisema jambo lililonikera. Alisema mtoto aliyezoea kuona mambo yakiharibika ghafla, mwili wake hukaa macho muda wote, na kitu kidogo tu kinatosha kuamsha vita. Hafanyi makusudi. Na mtoto hawezi kujituliza mwenyewe kabla hajatulizwa mara nyingi na mtu mzima aliyetulia. Niliinua mkono.

"Watoto tisini, binti yangu. Huyo mtu mzima aliyetulia mnamtoa wapi?"

"Ndiyo tunamtafuta hapa, mama," alinijibu, bila kejeli. Nilikunywa chai yangu nikiwa nimenuna.

Nilirudi shuleni na cheti na azma ya kuwaonyesha. Mimi ni mtu wa kazi. Nikipewa kitu nakifanya, tena nakifanya kwa utaratibu. Mkufunzi alituagiza tuanzishe kona ya utulivu darasani, na Jumatatu ileile nilileta mkeka wangu kutoka nyumbani, nikautandika nyuma ya darasa, nikaweka mito miwili na picha ya kikombe cha uji. Halafu nikafanya ambavyo mwalimu yeyote wa kwetu angefanya. Nilimteua kiranja wa kona, msichana mwenye mwandiko mzuri, yuleyule aliyekuwa akiniandikia orodha ya wapiga kelele nikitoka nje. Nikampa daftari. Nilipiga mistari kwa rula mwenyewe: jina, tarehe, sababu ya kupelekwa konani, muda aliotulia. Mtoto akianza fujo, nilinyoosha kidole nyuma ya darasa. "Nenda katulie." Ndani ya wiki mbili darasa langu lilikuwa kimya kuliko madarasa yote ya upande ule, na nilitamba ofisini mpaka wenzangu wakaomba kuja kuangalia.

Yule mtoto wa begi alikuwa anaongoza kwenye daftari. Jina lake lilijaa kurasa mbili.

Mkufunzi alipokuja kufuatilia, nilimpitisha kama mgeni rasmi. Nilimwonyesha mkeka, nikamwonyesha mito, nikamfungulia daftari. Alilisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Hakucheka na hakunisahihisha. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akapapasa nafasi pembeni yake.

"Karibu tukae, mwalimu."

Sikutaka. Magoti yangu si ya kukaa chini, na watoto tisini walikuwa wamegeuka wote kutuangalia. Lakini mgeni akikukaribisha mkeka ambao ni wako utakataaje? Nilivua viatu nikakaa. Yule mtoto wa begi ndiye alikuwa dawati la nyuma, karibu nasi. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akainama akaninong'oneza.

"Mwalimu, umekosa nini?"

Nilihisi joto kutoka shingoni mpaka kwenye masikio. Ndipo kwanza nilipoelewa nilichojenga. Niliweka fimbo mpya nyuma ya darasa, nikaitandikia mito. Mkufunzi pale pembeni alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Nilimgeukia mtoto.

"Sijakosa," nilimwambia. "Nimekasirika tu. Nimekuja kupumzisha hasira."

"Na mwalimu anakasirika?" akauliza. Kana kwamba alichokuwa anakiona kwangu siku zote kilikuwa hali ya hewa.

Lile daftari nilimrudishia kiranja achoree picha. Fimbo yenyewe ya kuchapia sikuitupa siku ile, nisijisifie. Niliipandisha juu ya kabati, nikawa naiona kila siku na kila siku mkono unawasha. Kilichobadilika ni kwamba nilianza na mimi. Asubuhi nikiamka vibaya niliwaambia, leo mwalimu kaja na hasira zake, mnisubiri nipulize uji. Nakwenda nyuma, nakaa, napuliza. Watoto waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Walinichunguza usoni nikiingia tu, na wengine walinishauri. "Mwalimu, leo nenda konani." Mwanzoni nilihisi wananivunjia heshima. Baada ya mwezi nilikuja kuona kwamba hakuna mtoto anayekuchunguza hivyo kama hakujali. Wakaanza kwenda wenyewe, bila kidole changu, wakikaa dakika mbili tatu wanarudi kuandika. Yule mtoto alikuja pia, na begi lake, akawa anakaa karibu na mimi bila kunigusa.

Kulikuwa na zoezi moja la mafunzo nililolikwepa. Tuliambiwa tumtembelee mzazi wa mtoto mmoja bila shtaka lolote mkononi. Kwetu mwalimu akimfuata mzazi, kuna kesi. Nilisogeza siku mpaka mtihani wa mwisho ukabaki wiki tatu, nikajua nikizidi kusogeza yule mtoto ataondoka. Mchana mmoja baada ya vipindi nikaenda.

Mama yake alikuwa anamenya vitunguu saumu kwa ajili ya wapishi wa migahawani, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kwenye mtaa wa maduka ya jumla, mikokoteni inapita karibu kumkanyaga vidole. Aliponiona alisimama, maganda yakamwagika.

"Shikamoo, mwalimu. Kafanya nini tena?"

"Marahaba. Hajafanya kitu. Nimekuja kukusalimia."

Hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeamini pia. Aliniangalia mkono, kwenye kovu. Nikaona maneno hayatasaidia. Nilivuta ndoo nyingine, nikakaa, nikachukua kitunguu nikaanza kumenya. Namenya vibaya, kucha zangu fupi. Alinionyesha namna ya kukiponda kidogo kwanza ili ganda liachie. Tulimenya karibu nusu saa tukizungumzia joto na bei ya maharage kabla hajaanza mwenyewe.

Mwaka uliopita walikuwa wamepanga chumba kule bondeni, upande wa Jangwani. Maji ya mafuriko yalikuja alfajiri, hayakupita mlangoni, yalitokea sakafuni, wakiwa wamelala. Alimbeba mdogo mgongoni na huyu akamshika mkono, wakatoka na walichovaa. "Begi lake la shule lilikuwa chini, mwalimu. Alikuwa analililia tukiwa tunavuka, mimi namvuta. Alikuwa analiona linakwenda. Nilimchapa ili atembee." Aliponda kitunguu kingine. "Kuanzia hapo chochote chake hakikai chini."

"Ndani ya begi anaweka nini?" niliuliza.

Alicheka kidogo, mara ya kwanza. "Vyetu vyote. Sweta la mdogo wake. Kijiko. Kadi ya kliniki. Na kitambulisho changu. Nikikihitaji namwomba, ananitolea, halafu anakaa ananisubiri nikirudishe."

Nilimenya nikiwa nimeinama ili asinione uso. Nilikuwa nimemchapa mtoto kwa kukataa kuweka sakafuni kitambulisho cha mama yake. Nikamwambia mama hivyo hivyo, sokoni, kwa maneno hayo. Nikamwomba msamaha. Aliniangalia, akasema, "Na mimi nilimchapa, mwalimu," akanisogezea vitunguu vingine.

Wiki tatu zilizobaki tulifanya mazoezi. Nilimwomba mtoto aniambie begi linaweza kukaa wapi bila moyo wake kwenda mbio. Mapajani, akasema. Siku ya tatu, juu ya dawati. Siku ya nane, juu ya dawati la mbele, akiliona. Sakafuni hapana, na sikulazimisha. Nilimfundisha pia maneno, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba hana. Alikuwa na ukelele na meno tu. Tuliyarudia kama tunavyorudia silabi: nina hofu, nina hasira, naomba. Aliona haya kuyasema. Alikuwa anayasema akiangalia dirishani, haraka haraka, kama mtu anayesomeshwa kiapo.

Nilimweleza mkuu habari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa, mwalimu, na nimesikitika," alisema. "Lakini mtihani huu ni wa kata. Msimamizi anatoka shule nyingine. Chumba ni chake." Barua ilikuwa tayari kwenye faili lake, imeshachapwa, bado saini. Aliniambia kwa sababu si mtu wa kuficha.

Asubuhi ya mtihani nilimfuata msimamizi getini. Alikuwa mwalimu mzee aliyekaribia kustaafu, miguu imemvimba, anatembea kwa kuegemea chochote kilicho karibu. Nilianza kumweleza. Aliinua kiganja.

"Mwalimu wa darasa siku ya leo hana maneno na mimi. Wewe mwenyewe unajua."

Nilijua. Hata mimi nikisimamia shule za watu ndivyo ninavyowajibu. Nilirudi nyuma nikasimama kwenye baraza, hatua kadhaa kutoka dirishani, na mkuu akaja akasimama pembeni yangu, faili kwapani.

Mzee aliingia, akavuta kiti cha mwalimu, akakaa kwa kuguna. "Mabegi mbele."

Yakarundikwa. Yeye akabaki na lake. Mzee akasema mara ya pili, sauti imepanda. Halafu akashika meza, akainuka, akaanza kusogea dawati kwa dawati kumwendea. Nilijua mara ya tatu ikoje. Nilitaka kupiga kelele pale barazani, nilitaka kuingia nimkumbatie mtoto nimsukume mzee kwa bega, na mkuu lazima aliona, maana alinigusa kiwiko.

Mtoto alikuwa amebadilika rangi. Aliachia begi mkono mmoja, akaachia wa pili, akaikusanya mikono mbele ya mdomo. Akanusa. Akapuliza. Msichana wa pembeni yake akapuliza pia. Halafu wa nyuma, halafu safu nzima, halafu darasa zima, watoto tisini wanapuliza mikono yao. Mzee alisimama katikati ya chumba.

"Mnapuliza nini?"

"Uji, mwalimu," walimjibu kwa pamoja.

Mkuu alikohoa. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa namwangalia mtoto, na mtoto hakuangalia dirishani. Alimwangalia yule mzee usoni.

"Mwalimu, mimi nina hofu. Naomba begi langu lisikae chini."

"Hofu ya nini?"

"Maji."

Mzee aliangalia sakafu. Ilikuwa kavu. Akaangalia nje, jua linawaka mpaka vumbi linaonekana hewani. Nilisubiri aseme hakuna maji hapa, kaa vizuri, maana ndivyo ningesema mimi miezi mitatu nyuma. Hakusema. Aligeuka akakiangalia kiti chake.

"Pale juu panatosha?"

Mtoto alikiangalia kile kiti. Alikikagua, miguu yake, urefu wake, umbali wake mpaka kwenye dawati. Hakuna aliyemharakisha.

"Panatosha," akasema.

Mzee alilibeba begi yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, akarudi nalo dawati kwa dawati, akaliweka kwenye kiti na kukigeuza kiti kimwelekee mtoto. Chumba kile kina kiti kimoja tu. Alifungua bahasha akagawa karatasi, halafu akaegemea ukuta.

Mtihani ulikuwa wa saa moja na nusu. Mwanzoni mtoto aliinua macho kila baada ya neno moja, analitazama begi, anaandika, analitazama. Baadaye aliinua macho mara mojamoja. Baadaye aliinama, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo, akasahau. Mzee alikuwa anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Mara mbili nilimwona akiangalia kile kiti, mara mbili akageuka. Nililia palepale barazani, mbele ya mkuu wangu wa kazi, na sikujificha.

Mkuu alifungua faili, akatoa ile barua, akaikunja mara nne akaitia mfukoni.

"Jumatatu kuna kikao cha walimu," alisema. "Utatufundisha na sisi hayo mambo. Uanze na mimi."

Kengele ilipolia watoto walitoka kwa vurugu zao za kawaida, kila mmoja anachomoa begi lake kwenye rundo. Yeye alisubiri wapungue. Alikwenda mbele akachukua lake kutoka kwenye kiti, akalivaa, akavuta mikanda mpaka ikakaa sawa mabegani. Halafu akafuta kiti kwa kiganja, mara mbili, na kukigeuza kumwelekea mzee.

"Asante, mwalimu," alisema. "Sasa kaa."

Mzee akakaa.